Oristela na Sweta la Shangazi

Baridi ya mwezi wa sita ikiingia hapa Vwawa, dada ninayekaa naye ofisi moja huitoa hita yake ya umeme chini ya meza na kuichomeka, na vumbi lililolala juu ya nyaya zake tangu mwaka uliopita huanza kuungua. Wenzetu hulalamika na kufungua madirisha. Mimi huvuta pumzi. Harufu ile ya vumbi la moto hunirudisha moja kwa moja sebuleni kwetu Tunduma, juu ya zulia la plastiki, mbele ya adapta nyeusi iliyokuwa ikichemka hadi mama akawa anaiangalia kwa jicho lile alilokuwa anamwangalia nalo mbwa wa jirani.

Adapta hiyo ilikuwa ya mashine ya gemu, na mashine tuliipata kwa njia ambayo watoto wa Tunduma wataielewa bila maelezo. Baba alikuwa fundi wa tairi za malori, gereji yake ikiwa pembeni ya barabara kuu, pale foleni ya magari yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia ilipokuwa inalala siku nenda siku rudi. Dereva mmoja wa Kitwe alikwama mbele yetu siku kumi na moja. Alikula wali ambao mama aliwauzia madereva, alinyoa ndevu kwenye kioo chetu, akawa mtu wa nyumbani. Foleni ilipotembea, alimwita kaka yangu Lugano na kumkabidhi mfuko. "Natotela, mwana," alimwambia, akishukuru kwa Kibemba. "Wanangu wamekua, hii hawaichezi tena." Ndani mlikuwa na mashine, padi moja ya kuchezea, na CD moja ambayo haikuwahi kutoka, kwa sababu kidroo chake kilikuwa kimekwama.

Kwa hiyo sisi tulikuwa na gemu moja. Wenzetu mtaani walibadilisha magemu kila Jumamosi, leo mpira, kesho magari. Sisi tulikuwa na Oristela.

Oristela ilikuwa meli, si ya majini, ya angani kule kwenye nyota. Ndiyo iliyoongoza meli nyingine zote vitani, na mkuu wa majeshi alikaa humo. Urefu wake, gemu lilisema, ni kilomita kumi na moja. Lugano, aliyekuwa kidato cha pili na mwenye kupenda kuhakikisha mambo, alimpigia mwendesha bodaboda mahesabu mengi hadi akakubali kumpeleka kutoka getini mpakani hadi Mpemba huku akisoma kipimo cha pikipiki. Walipofika Mpemba kilomita hazijatimia. Alirudi ameishiwa nguvu, akanieleza kwamba meli hiyo ingeegeshwa Tunduma, mkia wake ungepita Mpemba na bado ungeendelea. Nilitoka nje nikaitazama foleni ya malori hadi macho yakauma, nikijaribu kuyaunganisha yote yawe chombo kimoja.

Watoto wengi wangepiga risasi tu na kusonga mbele. Sisi tulisoma. Kila ukishinda steji, gemu lilikufungulia ukurasa mmoja wa historia ya meli, kwa Kiingereza kigumu, na Lugano alikuwa na kamusi iliyokatika jalada. Yeye alitafsiri, mimi niliandika nyuma ya daftari langu la Sayansi. Nilijifunza kwamba ndani ya Oristela mna mashamba, shule na makaburi, na kwamba mtu anaweza kuzaliwa mkiani akazikwa mkiani bila kuifikia pua ya meli maisha yake yote. Nilijifunza majina ya wapishi wakuu. Mwalimu wangu wa darasa la nne alilifungua daftari lile siku moja, akasoma mistari kadhaa, akalifunga na kunirudishia.

Ukurasa wa nne ndio ulionichafua akili. Ulisema Oristela tuliyokuwa tukiiendesha ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilichomwa na adui, ikaungua na watu wote waliokuwamo, hakikubaki kitu isipokuwa mlango mmoja wa jikoni uliookotwa ukielea. Wakajenga nyingine, kwa chuma kingine, mahali pengine, wakaipa jina lile lile. Ule mlango wa jikoni wakaufunga kwenye meli mpya. Kisha mafundi wakapanda ubavuni na nyundo, wakagonga makovu yote yaliyokuwa kwenye ile ya kwanza, moja moja, kwa kufuata picha. Na ilipotoka gatini, mkuu wa majeshi hakuikaribisha kama mgeni. Aliipokea kama iliyokuwa safarini. Maneno yake ya Kiingereza siyakumbuki. Lugano alipekua kamusi, akashindwa, akaandika tu, "Pole na safari."

Watoto wa jirani waliona jambo hilo ni la ajabu. Sisi hatukushangaa hata kidogo, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa naishi mimi.

Naitwa Tusekile. Kabla yangu jina hilo lilikuwa la dada yake baba, aliyefariki akiwa na miaka kumi na tisa, huko kwetu Ibaba milimani, Ileje. Aliugua wiki tatu tu. Mimi nilizaliwa miezi miwili baadaye. Bibi alishuka kutoka Ibaba akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani, akanipakata, akaliita jina mara tatu, akachukua funda la maji na kunipulizia kifuani. Nasimuliwa kwamba nilipiga chafya. Tangu hapo Bibi hakuniita mjukuu. Aliniita mwanangu. Baba akaniita dada. Lugano, akitaka nimpe kipande changu cha nyama, aliniita shangazi.

Msidhani ni utani tu. Nikivunja sahani, baba alisimama akinitazama, kisha akakaa. "Nitampigaje dada yangu?" aliuliza, akimwachia mama kazi hiyo, na mama hakuwa na udugu huo. Bibi akija, alileta zawadi za mtu mzima: kitenge, kitana, mara moja wembe wa kukatia uzi. Na kwa kuwa Shangazi hakula maboga, mimi pia sikula maboga. "Tusekile hali maboga," Bibi alisema, na sahani ikapita juu ya kichwa changu. Ninachowaeleza sasa sikumweleza mtu wakati ule: nilikuwa nayapenda mno. Nilikwenda kuyala kwa jirani, nikiwa nimechuchumaa nyuma ya mlango wa jiko, huku nikijiuliza ni nani hasa anayeiba, mimi au yeye.

Mwaka huo babu alifariki, Bibi akabaki peke yake Ibaba. Baada ya arobaini baba alirudi nyumbani akaongea na mama chumbani, kisha akaniita. Shule zikifungwa mwezi wa sita, Bibi angekuja kunichukua. Ningekwenda kukaa naye na kusoma huko huko. "Mama anamtaka mwanaye," alisema baba, kana kwamba hilo linamaliza kila kitu.  Kesho yake mama alininunulia soksi nene za baridi, jozi nne, akazipanga juu ya begi langu.

Sikutaka kwenda. Niliijua Ibaba: ukungu asubuhi, ukungu jioni, viazi, moshi, na Bibi akinitazama usoni kama anayetafuta kitu alichokiweka hapo mwenyewe. Lakini sikuwa na hoja. Kama mimi ni Shangazi, basi nyumbani kwangu ni Ibaba na mama yangu ni Bibi, na hawa wa Tunduma nimewatembelea tu kwa miaka kumi. Kama mimi siye, basi Bibi hana haki nami. Nilihitaji kujua, na wa kumuuliza hakuwapo, maana kila mkubwa niliyemfahamu alikuwa tayari ameshaniita kwa jina hilo.

Ndipo nikaikumbuka Oristela. Kurasa zilikuwa nane, na tulikuwa tumefungua sita. Kwa akili yangu ya miaka kumi, watu walioweza kujenga meli ya kilomita kumi na moja hawangeshindwa kusema mwishoni kama ya pili ndiyo ile ile ya kwanza au ni nyingine. Nilikuwa na imani kabisa kwamba jibu limo katika ukurasa wa nane. Ningelinakili, ningempa baba alisome, na mambo yangekwisha.

Tatizo lilikuwa steji ya saba. Katika steji hiyo adui anakuja, Oristela iko gatini, na wewe unatakiwa kuitoa. Ikagoma. Lugano alibonyeza kila kitufe. Taa za meli ziliwaka, injini zilinguruma, maneno mekundu yakatokea ambayo kamusi haikuyaweza, na meli ikabaki pale pale hadi adui akaichoma. Tulianza upya. Ikagoma. Wiki mbili nzima tuliichoma Oristela kila siku baada ya shule, na kila ilipoungua mimi nilikuwa nahesabu siku zilizobaki kabla ya kufunga shule.

Siku moja kabla Bibi hajafika, mchana, mama akiwa kwenye wali wake, Lugano aliweka padi chini. Kisha akasema jambo ambalo nadhani mtu wa kwingine asingelisema.

"Hii meli haijaambiwa jina lake."

Nikamwambia jina limeandikwa ubavuni.

"Kuandikwa siyo kuambiwa. Wamefunga mlango, wamegonga makovu. Nani kaipulizia maji?"

Tulipekua daftari ukurasa hadi ukurasa. Hakuna aliyepuliza. Walikuwa wameipa meli jina la marehemu na kuisukuma nje kama ndoo, halafu wanashangaa haitii. Jambo likawa wazi kwetu sote wawili, na sikumbuki kama tulicheka. Ila kulikuwa na kizuizi. Mtoto hawezi kufanya kazi hiyo, lazima awe mkubwa wa ukoo. Lugano alinigeukia polepole.

"Shangazi," alisema, na safari hii hakuwa anataka nyama.

Hebu niangalieni nilivyokuwa nimenaswa. Nilikuwa nautafuta ukurasa wa nane ili nithibitishe kwamba mimi siye Shangazi. Ili niupate, ilibidi niwe Shangazi, kwa dakika moja tu, nikiwa na funda la maji mdomoni. Nililiona hilo hata siku ile, kwa namna fulani, kama unavyoona kitu chini ya maji ya matope. Lakini siku ilikuwa moja. Nilikwenda kwenye mtungi, nikavaa kitenge changu cha mtu mzima, nikapiga magoti juu ya zulia. Lugano alivua kofia. Kwa kuwa hatukujua kifua cha meli kiko wapi, tulikubaliana kwamba ni mashine, kwa sababu ndiyo yenye joto. Niliita, "Oristela, Oristela, Oristela," nikachukua funda, nikapuliza kwa nguvu zangu zote.

Mashine ilisema tss. Harufu ya vumbi la moto ilijaa sebule, kisha ikaja nyingine kali zaidi, na picha kwenye televisheni ikajikunja na kutoweka. Lugano alichomoa waya. Alichomeka. Alipuliza pumzi kavu kwenye matundu, akaitikisa, akaianika juani juu ya bati la banda la kuku. Haikuamka tena, siku ile wala siku nyingine.

Lugano alisema ni maji. Alisema tulikuwa wajinga, na maji na umeme hata mtoto wa chekechea anajua. Mimi sikuwa na uhakika. Nilikaa karibu na bati la kuku nikiwaza kwamba Bibi alipopuliza, mimi nilipiga chafya nikaishi, na mimi nilipopuliza, kitu kilikufa. Labda kwa sababu mpulizaji hakuwa yule aliyetakiwa. Nilikuwa nimekosa ukurasa wa nane, lakini nilianza kuona kwamba nimepata jibu lake.

Bibi alifika kesho yake saa tano asubuhi na gari la kutoka Itumba, akiwa na gunia la viazi na kikapu. Alinishika mashavu kwa mikono yake ya baridi. "Mwanangu," alisema, akikokota mwisho wa neno kama watu wa kwetu wanavyofanya. Baba alimletea maji ya kunawa, mama akamkaribisha kwenye kiti kizuri. Alipomaliza chai, aliingiza mkono kikapuni akatoa kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa sukari.

Lilikuwa sweta. Tuseme nusu sweta, la uzi wa bluu, limefumwa kutoka kiunoni hadi karibu na makwapa, na sindano zake mbili zikiwa bado zimo, na donge la uzi likining'inia. Shangazi alilianza kabla hajaugua. Kwa miaka yote kumi Bibi alilihifadhi hivyo hivyo, bila kuchomoa sindano. Aliliweka mapajani mwangu.

"Malizia," aliniambia.

Sikuwa nimewahi kushika sindano ya kufumia maisha yangu yote. Nilizitazama zile sindano, nikaona ni mtihani. Alikuwa amekuja kunipima. Ningekuwa Shangazi, mikono ingejua yenyewe. Niliigusa moja, kitanzi kimoja kikachoropoka, na Bibi akatoa sauti ndogo ya kuvuta hewa, akakidaka kwa ukucha na kukirudisha.

Hapo nikapasuka. Nilisimama, sweta likaanguka, nikasema yote kwa mkupuo, mbele ya baba, kitu ambacho mtoto wa kwetu hafanyi. Nilisema mimi siyo yeye. Nilisema sijui kufuma, na maboga nakula, nakula sana, nayala kwa jirani. Nilimweleza meli ya kwanza ilivyoungua, mlango wa jikoni, makovu ya nyundo. Nilikimbia nje nikaileta mashine, nikaiweka miguuni pake pamoja na adapta yake. "Niliipulizia maji," nilimwambia. "Ikafa. Ningekuwa ni yeye isingekufa."

Baba aliinuka. Bibi alimzuia kwa kiganja. Kwanza alicheka, kicheko cha kweli, cha mashine na maji, hadi akajifuta macho kwa pindo la khanga. Halafu aliacha kucheka, akaanza kuniuliza maswali, taratibu, kama mtu anayeulizia habari za ugonjwa wa jirani.

"Waliokuwa kwenye hiyo meli ya kwanza, walikufa wote?"

"Wote."

"Na hao waliojenga ya pili, walijua kwamba wamekufa?"

Nilisema walijua. Hata mkuu wa majeshi alijua, mdogo wake alikuwemo.

"Na bado akaiambia pole na safari."

"Ndiyo."

Bibi aliliokota sweta, akalikung'uta vumbi, akalilaza mapajani. "Tusekile nilimwosha mwenyewe," alisema. "Nilimfunga kidevu kwa kitambaa changu. Wewe ulidhani nimesahau?"

Sikumwelewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa bibi aliyechanganyikiwa, anayedhani mimi ni mtu mwingine, na huyu alikuwa ananieleza kwa utulivu kabisa kwamba hajachanganyikiwa hata kidogo. Sasa kama alijua, alikuwa anafanya nini miaka yote ile? Badala ya kuuliza hivyo, nikasema neno ambalo nimelijutia kuliko jingine lolote katika utoto wangu. Nilisema, "Basi usiniite mwanangu."

 Mama alikuwa mlangoni, ameshika sufuria, hasogei.

"Haya," alisema Bibi.

Ni neno hilo tu. Alikula chakula cha mchana vizuri, akaongea na baba habari za mipaka ya shamba, akasali, akalala. Asubuhi, nikiwa nafagia uani, niliisikia sauti yake kutoka barazani. "Mjukuu wangu," aliita, "niletee viatu vyangu." Niligeuka nyuma kuona anamwita nani. Nilimletea viatu, nikamvalisha. Aliaga, akapanda bajaji hadi Mpemba, akapanda gari la Itumba peke yake, na sweta likiwa kikapuni. Mama alizitoa soksi juu ya begi, akazirudisha kabatini jozi zote nne.

Nilikuwa nimeshinda. Nasema hivi kwa sababu nilijiambia hivyo siku ile, mara nyingi, nikiwa nimelala kifudifudi juu ya zulia ambapo mashine ilikuwa. Nimeshinda, sikwenda, mimi ni mimi. Na nililia hadi Lugano akaniletea maji, akaniuliza nalia nini wakati nimepata nilichotaka.  Baba aliacha kuniita dada. Hakutangaza, aliacha tu, na nilipovunja kikombe mwezi uliofuata alinichapa fimbo mbili kama baba yeyote yule. Nilizipokea nikiwa nimeduwaa.

Mwaka uliofuata Bibi alituma mzigo kwa gari. Lilikuwa gunia la maboga, makubwa, ya rangi ya chungwa, na kikaratasi alichoandikiwa na mtoto wa jirani yake: ya mjukuu wangu, ale ashibe. Mama aliyachemsha sufuria nzima, akaniwekea sahani mbele ya watu wote. Nilikula. Yalikuwa matamu vile vile kama ya nyuma ya mlango wa jirani, na sikuyamaliza.

Miaka imekwenda. Lugano siku hizi ni fundi wa simu Mbeya, na fundi wa kweli, hapulizii kitu maji. Hivi karibuni aliwakuta watu kwenye mtandao waliokusanya kurasa zote za lile gemu, akanipigia picha ukurasa wa nane na kunitumia. Nilifunga mlango wa ofisi kabla ya kuufungua. Ulikuwa ni orodha: idadi ya mizinga, idadi ya majiko, upana wa mageti, uzito wa nanga. Hakuna lolote kuhusu ya kwanza na ya pili. Alinitumia pia maelezo ya steji ya saba. Ilitakiwa kubonyeza vitufe viwili vya juu kwa pamoja ili kuziachia nanga, na cha kushoto kwenye padi yetu kilikuwa kimekufa tangu Kitwe. Tulicheka kwenye simu hadi salio likaisha.

Bibi alifariki nikiwa chuo mwaka wa pili. Baada ya mazishi, kule Ibaba, ukungu ukiwa umeingia hadi ndani ya nyumba, baba alinipa mfuko wa sukari. "Alisema hiki ni chako," aliniambia. Sindano zilikuwa zimeota kutu, na zilikuwa bado zimo. Katika miaka yote ile hakumpa mtu mwingine alimalizie, wala hakulimalizia mwenyewe, na alikuwa mfumaji kuliko sisi wote.

Nilijifunza kufuma kwa video za simu, nimekaa kitandani hosteli, wenzangu wakinicheka. Nilifumua, nikarudia, nikafumua. Ilinichukua karibu mwaka mzima. Ninalo hapa, nimelivaa ninapoandika haya, hita ya mwenzangu ikinuka vumbi. Na nikivuta kwapani naona mahali Shangazi alipoachia na mimi nilipoanza. Vitanzi vyake ni vidogo, vimebana, vya mtu aliyefundishwa na mama yake. Vyangu vimelegea, na uzi ni bluu nyingine kidogo, maana ule wa zamani haupatikani tena. Mtu yeyote akitazama anauona ule mstari. Huhitaji kuandika historia ya kurasa nane ili kuuonyesha.

Siku ile Bibi alikuja na kikapu chake ili anifundishe kufuma. Ni hilo tu alilotaka: tukae wawili barazani Ibaba, mimi nikikosea, yeye akidaka vitanzi kwa ukucha, na jina la binti yake likiitwa ndani ya nyumba mchana kutwa, na mtu akiitika. Mstari ule aliujua ulipo kuliko mtu yeyote duniani. Mimi ndiye niliyedhani hauoni, nikamwonyesha.